Nimetundika daluga, sasa Jumamosi jioni sijui niipeleke wapi

sentahafu_tmk

Habari zenu wakuu. Naandika hii kwa wale ambao mmewahi kuacha kitu mlichokuwa mnakipenda kupita kiasi, sizungumzii kazi, nazungumzia kitu cha moyo. Mimi nimecheza mpira tangu niko darasa la nne hapa Temeke, chandimu za mtaani, baadae timu ya shule, baadae timu ya mtaa, ndondo, mabonanza, nimeitwa kwenda kusaidia timu za watu mpaka Kibaha na Mkuranga na nauli najilipia mwenyewe na naenda nafurahi. Beki wa kati. Sikuwahi kufika ligi kuu wala sikuwa na mpango huo, ila kila mtu kwetu alikuwa anajua Jumamosi saa kumi jioni mimi napatikana wapi.

Mwaka jana goti la kulia likazunguka nikiwa peke yangu, hakuna hata aliyenigusa, nimeruka kupiga kichwa nikatua vibaya nikasikia kitu kimekatika ndani. Kipimo cha MRI kikaonyesha kano ya mbele ndani ya goti imechanika yote na gegedu nayo imepasuka. Daktari alinieleza vizuri tu, kuna operesheni wanachukua kano ya sehemu nyingine ya mguu wako wenyewe wanaiweka pale, halafu mazoezi ya miezi tisa na kuendelea ndio ufikirie kurudi uwanjani, na hapo hakuna wa kukuhakikishia. Nikapiga hesabu, nina watoto wawili na kibanda cha vifaa vya umeme kinachotaka nisimame mwenyewe kila siku, nikaona hapana. Natembea vizuri, ngazi napanda, ila kukimbia na kugeuka ghafla ndio basi tena.

Sasa swali langu wakuu. Goti nimeshalikubali, kinachonishinda ni Jumamosi. Saa tisa na nusu ikifika mwili unaanza kujiandaa wenyewe, nazunguka ndani, naenda dirishani, narudi, mke wangu ananiambia si uende basi ukaangalie. Nikienda kuangalia ndio naumia zaidi, naona beki anavutwa nje na mshambuliaji nyuma kunabaki wazi na mimi nimesimama kwenye kamba na kandambili. Nimejaribu gym, sikuona raha yoyote. Nimejaribu kukaa na mpira wa Ulaya mchana mpaka usiku, nikaishia kuumwa kichwa. Kila mtu ananiambia tafuta kitu kingine, hakuna anayeniambia kinatafutwaje. Mliopitia hili, mlipataje kitu kingine kikawakolea kweli, kikawaingia kwenye damu, sio cha kupotezea muda tu? Nina miaka 34.

kipenga_moro

Pole sana mkuu. Mimi ushauri wangu usiuache mpira, ingia kwa mlango mwingine. Nilikuwa kipa hapa Morogoro, bega likawa linatoka kila nikidaka mpira wa juu, nikaacha, nikakaa kinyonge kama wewe, halafu mzee mmoja wa chama cha marefa akanishika mkono akaniambia njoo darasani. Nilidhani sheria za mpira nazijua. Sheria zipo 17 tu lakini ukikaa ukaanza kusoma ile ya kumi na moja ya kuotea, lini mtu anahesabika ameingilia mchezo na lini hajaingilia, unagundua umecheza miaka yote ukimlalamikia refa kwa kitu usichokijua. Mpira nikaanza kuuona upya kabisa. Kipa anauona uwanja kutoka upande mmoja, refa unauona kutoka ndani, unasikia wachezaji wanavyosemezana, unamuona yule anayetaka kufanya fujo kabla hajafanya.

Kwa goti lako urefa wa katikati sikushauri maana refa kwenye mechi kubwa anakimbia kilomita kama 10 hivi na kugeuka ndio kazi yenyewe. Lakini kuna ukocha wa watoto. TFF huwa wanaendesha kozi za leseni D ya CAF, ile ndio ngazi ya kuanzia, kasome. Vijana wa Temeke wanahitaji mtu wa kuwafundisha kusimama, maana siku hizi kila mtoto anataka kuwa mshambuliaji, mabeki hakuna.

dada_wa_mkunazini

Pole kakangu. Mie sijui mpira ila nimesoma ulivyoeleza ile saa tisa na nusu nikajiona mwenyewe.

Mie nilikuwa mwimbaji wa taarab, hapa hapa Mjini Unguja. Kuimba kulinikaa tangu skuli, kwenye kasida, maulidi, baadae nikaingia kikundini. Ikawa sauti inakatika katikati ya ubeti, nikadhani mafua, nikanywa tangawizi na asali mpaka nikachoka, kumbe nina vinundu kwenye nyuzi za sauti. Nikatibiwa, nikanyamazishwa kwa wiki kadhaa, sauti ya kuzungumza ikarudi lakini ile ya kuimba, ile ya kushika neno ukalivuta ukalipandisha ukaliacha lishuke lenyewe, haikurudi. Basi ikawa kwenye harusi nikisikia fidla zinaanza tu natoka ukumbini, najitia naenda kumtazama mtoto.

Aliyenitoa huko ni mpiga udi wetu wa kikundi. Hakuniambia maneno mengi, alinipakatisha udi siku moja baada ya mazoezi akasema shika hapa. Udi una nyuzi 11, jozi tano na mmoja uko peke yake ndio mzito, na shingo yake imekaa tupu, haina vile vyuma vya gitaa vya kukuonyesha kidole kikae wapi. Kidole kikisogea unywele mmoja tu sauti imeharibika. Na ndipo nilipoanza kupata utamu, kwa sababu sikio langu lilikuwa linajua pale pahali pa sauti palipo, miaka yote nilikuwa napafika kwa koo, sasa inanibidi nipafike kwa kidole. Vidole viliuma jamani. Ngozi inachubuka, inapona, inakuwa ngumu. Masika yakiingia unyevu unaufanya udi utoke kwenye sauti, unautia sawa saa hii, ukimaliza wimbo mmoja umeshatoka tena.

Lakini nataka nikwambie kitu kilichonishangaza. Nyimbo nilizoziimba miaka yote nilikuwa sizijui. Mwimbaji unakaa mbele, unasikia maneno yako na mashabiki wanaokutunza, huko nyuma watu wanafanya kazi kubwa wewe huna habari. Nilipokaa nyuma na udi ndio nikasikia fidla inavyomjibu mwimbaji, nikajua kwa nini kanuni inanyamaza pale na kwa nini ngoma inabadilika. Wimbo ule ule nimeuimba mara nyingi mno nikauona mpya. Siku hizi nikipiga nyuma ya msichana anayeimba nilichokuwa naimba mie, simuonei uchungu. Mwanzo nilimuonea, nisiseme uongo.

Na kama kuna mwanamke anasoma hapa anadhani vyombo ni vya wanaume, zamani ilikuwa hivyo kwa sehemu kubwa, wanawake waimbe wanaume wapige, lakini Tausi wapo tangu 2009, kikundi kizima cha wanawake na vyombo wanapiga wenyewe. Na chuo cha muziki cha DCMA tangu kilipoanzishwa hapa Unguja 2002 kimefundisha wasichana wengi udi, kanuni na fidla. Nenda ukaone.

nguzo_ya_goli

Mkuu kipenga_moro nakuheshimu ila mimi nadhani kumrudisha mtu uwanjani kwenye kamba wakati bado anaumia ni kumtonesha. Mwenyewe amesema akienda kuangalia anaumia zaidi. Wapo wanaoweza na wapo wasioweza.

Angalia wakubwa waliostaafu. Petr Čech, yule kipa, kaacha mpira 2019 baada ya ile fainali ya Europa pale Baku, Arsenal yake ikapigwa 4-1 na Chelsea, timu yake ya zamani. Miezi michache baadae kaingia timu ndogo ya mpira wa magongo wa kwenye barafu kule Uingereza inaitwa Guildford Phoenix, na kaingia kama nani? Kipa! Mechi yake ya kwanza wakaenda kwenye penalti kadaka mbili, timu ikashinda. Fabien Barthez, kipa wa Ufaransa ya 1998, kaenda kwenye mbio za magari mpaka kashiriki saa 24 za Le Mans. Batistuta, yule mshambuliaji wa Argentina, vifundo vya miguu vilimuharibikia kabisa, kila mtu aliyefuatilia anajua maumivu aliyoyapata baada ya kustaafu, kaenda kucheza polo, mchezo ambao anayekimbia ni farasi.

Ninachotaka kusema ni kwamba Čech hakuacha goli, aliacha nyasi. Batistuta hakuacha kushindana, aliacha kutumia miguu yake. Kwa hiyo kabla hatujakupangia cha kufanya hebu tuambie wewe kwenye mpira ulikuwa unapenda nini hasa? Usituambie mpira, mpira ni kitu kikubwa. Kukimbia? Kushinda? Wale jamaa? Kuonekana? Kila moja lina dawa yake.

sentahafu_tmk

Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili mbili. Dada wa Mkunazini umenigusa sana, hapo pa kutoka ukumbini ni mimi kabisa.

Mkuu nguzo_ya_goli swali lako limenikalisha chini usiku kucha. Kukimbia hapana, nilikuwa sipendi hata mazoezi ya kukimbia. Kufunga magoli sikuwahi kufunga ya maana. Nikifikiria vizuri nilichokuwa napenda ni kuuona uwanja wote uko mbele yangu, beki wa kati ukisimama nyuma unaona kila kitu kinakuja kabla hakijafika, unamuona kiungo wao anainua kichwa unajua mpira unapelekwa wapi, unapiga hatua mbili kushoto na mshambuliaji anashangaa ulifikaje. Hakuna aliyeona kazi uliyofanya lakini wewe unajua. Hicho ndio kilikuwa kinanipa raha. Na kingine ni kelele, kupanga watu, kutaniana kabla na baada, na kujua kwamba nisipotokea watu watauliza sentahafu yuko wapi. Saa hizi nisipotokea hakuna anayeuliza, na hawana kosa.

kete64

Mdogo wangu wewe unatafuta bao na hujui. Naomba unisome mpaka mwisho.

Nazungumzia bao lenyewe, la kete, usilichanganye na la wikiendi la kupigisha soga. Mimi nina miaka hamsini na kitu, nilikuwa dereva wa malori ya masafa, Dar Tunduma Lusaka, udereva nilikuwa naupenda kuliko hata mshahara wake, macho yakaanza kunisumbua usiku nikaambiwa hapana. Kwa hiyo najua unachosema. Nilipoacha nikawa nashinda kijiweni Magomeni kwa sababu hapakuwa na pa kwenda, na pale kuna bao.

Ubao una safu nne, kila safu mashimo manane, kete 64, kila mtu 32. Safu mbili zako, mbili zangu. Mwanzo kete sita zinakaa kwenye nyumba, lile shimo la mraba, na mashimo mawili ya kulia kwake yana mbili mbili, zilizobaki 22 umezishika pembeni. Unaanza kunamua, unaingiza moja moja, ikiwa shimo lako la mbele lina kete na la mwenzako linalokutazama lina kete basi unamla, na ulichokula unakipanda upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni kabisa la safu yako ya mbele, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete na mbele yake kuna kete unakula tena, ikiangukia lenye kete tu unazichota unaendelea, mpaka ilale kwenye shimo tupu. Kete za pembeni zikiisha ndio mnaingia mtaji, yaani mnacheza na zilizoko ubaoni tu, na hapo ndio wanaume hutulia. Mwenye safu ya mbele iliyokauka amefungwa.

Kwa maelezo inaonekana hesabu tu. Sasa kaa utazame wanaojua. Mzee ananyoosha mkono, anachota, mkono unazunguka mashimo tak tak tak huwezi kuufuata kwa macho, anakula, anazunguka, anakula tena, analala, na ulipodhani amemaliza kumfaidi mwenzake unagundua alikuwa anasafisha shimo moja tu kule kona ambalo litakuja kuuma zamu mbili mbele. Yaani hicho ulichosema cha kumuona kiungo anainua kichwa, bao ni hicho hicho kitu toka mwanzo mpaka mwisho. Unaitazama nyumba ya mwenzako imejaa, unajiuliza ataivunja lini, ukimuacha aivunje wakati wake amekumaliza, kwa hiyo unamlazimisha aivunje leo. Wanaocheza kwa pupa ya kula kila kinacholika wanafungwa kila siku. Anayejua kulinda ndio anadumu, na wewe umelinda miaka zaidi ya ishirini.

Kelele zipo. Bao halichezwi kimya, waliozunguka ni mashabiki na makocha kwa pamoja, kila mtu ana la kusema, ukilaza vibaya utaambiwa. Na mtu asipotokea siku mbili anaulizwa, mzee mmoja hapa alilazwa tukaenda kijiwe kizima wodini. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao na ukienda Unguja pale Jaws Corner unakuta watu na kahawa zao. Huu mchezo una heshima yake.

Njoo Magomeni Alhamisi jioni, nikutumie inbox mahali.

mkimbiaji_wa_kerio

Pole bro. Mimi ni Mkenya niko hapa Iten, na nataka kusema kitu tofauti kidogo na hawa wengine.

Mimi nilikuwa nakimbia. Si jina kubwa, hapa kwetu ukisema unakimbia ni kama kusema unakula, lakini nilikuwa kwa grupu nzuri na nilikuwa na matumaini ya marathoni huko nje. Kano ya kisigino ikakataa. Ikapona, ikakataa tena, ikapona, ikakataa. Hapa mazoezi ya asubuhi yanaanza saa kumi na mbili, watu wanakutana barabarani bado kuna giza, na nyumba yetu iko karibu na barabara. Wewe uko na Jumamosi, mimi nilikuwa na kila asubuhi. Nilikuwa nasikia miguu ya watu wakipita kwa murram wote pamoja, halafu inapotea. Nilijaribu vitu mob sana wakati huo kwa sababu kila mtu alinishauri, nilinunua gitaa, nilijaribu kuweka kuku, nilijaribu chesi kwa simu. Hakuna hata moja ilishika. Na nadhani sababu ni kwamba nilikuwa nikitaka kila moja iwe mbio. Nilikuwa naipa wiki mbili halafu naiuliza mbona hainipi ile kitu. Hakuna kitu inaweza kukupa ile kitu kwa wiki mbili, hata kukimbia kwenyewe hakukunipa kwa wiki mbili.

Kwa hiyo nikaacha kutafuta. Nikawa tu naamka ile saa yangu kwa sababu mwili umezoea, natembea polepole mpaka pale ukingoni, unajua Iten iko juu kabisa, kama mita 2,400, na bonde la Kerio liko chini yake limeanguka hivi. Asubuhi jua likipasha bonde hewa inapanda na mwewe na tai wanatokea chini yako. Unawaangalia kutoka juu, unaona mgongo wa tai, watu wengi wanajua tumbo lake tu. Nilikuwa nimekimbia hiyo barabara miaka na sikuwahi kuona hata mmoja kwa sababu unapokimbia unaangalia mgongo wa mwenye ako mbele. Siku moja nikauliza mzungu fulani alikuwa hapo na darubini huyu ni nani, akanipa niangalie, akaniambia jina. Kesho yake nikarudi kuona kama nitamtambua mwenyewe.

Hivyo ndio ilianza. Kuna programu ya bure ya simu inaitwa Merlin, unairekodisha sauti inakuambia ni ndege gani, ingawa usiiamini kila wakati, na nyingine eBird ya kuandika umeona nini wapi. Kenya kuna zaidi ya aina 1,000 za ndege. Ile kwarara inapiga kelele asubuhi kila mtu anaijua, lakini hapo kwa mti wako wa nyuma kuna chozi aina tatu na ulikuwa unadhani ni mmoja. Nilienda Saiwa huko karibu na Kitale, ni mbuga ndogo sana, unatembea kwa miguu tu, wengi wanaenda kwa ajili ya nzohe, yule swala wa majimaji, mimi nikaona korongo taji wawili kwa majimaji wanacheza, wanaruka na kuinamiana. Nilisimama hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Na huyo ndege ameingia orodha ya walio hatarini tangu 2012, mabwawa yanalimwa. Siku hizi nahesabu wale wa upande wetu na kuandika, na hiyo hesabu inatumika na watu.

Ukija Nairobi kuna Nature Kenya, kila Jumatano asubuhi wanatoka kutazama ndege, wanakutana pale makumbusho ya taifa, anayeanza anakaribishwa. Na Dar huko mko na mikoko ya Kunduchi, mko na membe na ndege wa pwani ambao sisi wa bara tunasafiri kuja kuwaona.

Lakini usichukue ndege kwa sababu mimi nilichukua. Nachosema ni usijiwekee deadline. Na asubuhi wakipita bado nasikia ile miguu, haijawahi kuacha kuuma yote. Inauma na mimi niko njiani naenda.

mke_wa_mpiga_drams

Naomba niongee upande wa mke wa sentahafu. Mume wangu alikuwa mpiga drams wa bendi, dansi, wakati bendi zinajaa kila wikiendi. Kazi zikapungua bendi ikavunjika. Kwa karibu mwaka mzima Ijumaa usiku ilikuwa mtihani nyumbani, anapiga meza na vijiko, ukimwambia kitu anakujibu mkato, watoto wanaenda kulala mapema bila kuambiwa. Kaka yangu hapa hujasema kama unakuwa mkali, sikutuhumu, ila muulize mkeo Jumamosi zinaendaje kwa upande wake, yeye pia anazibeba.

Wangu alikuja kukolea kwenye useremala. Alianza kwa kutengeneza kiti cha mtoto kilichovunjika, sasa ana kibanda uani na anachonga vitu vizuri mpaka majirani wanaagiza. Kilichomshika alisema ni ule mpigo wa randa, unapata mdundo. Dada wa Mkunazini amesema kweli, inarudi kwa njia nyingine.

kipenga_moro

Nguzo nimekuelewa na nakubali, sio kila mtu anaweza kurudi pale pale mapema. Lakini mkuu sentahafu neno langu kuhusu vijana liko pale pale, hata ikiwa miaka miwili ijayo. Hayo uliyoyaandika ya kumuona kiungo anainua kichwa hakuna anayewafundisha.

Na mzee kete64 shikamoo. Nina wasiwasi kidogo na bao, nimeona vijiwe watu wanatoka asubuhi wanarudi usiku, duka limefungwa mke hana hela ya kula. Jamaa ana kibanda.

kete64

Marahaba. Unalosema lipo na sitalificha, kuna watu bao limewafanya wasahau kwao. Pale kwetu saa za kazi ukionekana wazee wanakufukuza, tunaanza baada ya alasiri na magharibi ikiadhiniwa ubao unafunikwa. Na hakuna hela mezani, hata ya soda. Kijiwe cha hela usikanyage.

sentahafu_tmk

Wakuu narudisha mrejesho.

Kwanza mke wangu. Nilimuuliza kama ulivyosema dada, akanyamaza kidogo akasema Jumamosi huwa anawatoa watoto kwenda kwa dada yake kwa sababu yangu. Sikuwa najua. Tukaongea mpaka usiku.

Alhamisi nikaenda Magomeni. Mzee kete64 alinipokea vizuri sana, nikaambiwa kaa hapa utazame na usiseme kitu. Nikatazama. Mwanzo sikuelewa hata nani anashinda, mikono inaenda haraka mno, baadae kidogo nikaanza kuona kuna mzee mmoja hali kete nyingi lakini kila mwenzake akitaka kula anakuta pamekauka. Nikamnong'oneza mzee kete64 huyu ni beki. Akacheka sana akawaambia wenzake, sasa wameshanipa jina hilo. Nikacheza na kijana mdogo wa darasa la sita akanifunga wakati bado tunanamua, hata mtaji sikuuona, na watu walipiga kelele kama goli limeingia. Narudi kwenye daladala nikajikuta napanga mashimo kichwani, kama ningeingiza ile kete kulia badala ya kushoto ingekuwaje. Nimefika kituoni nikapitiliza.

Sitaki kusema ndio nimepata, mkimbiaji wa Kerio nimekusikia, sijiwekei siku. Jumamosi hii goti na moyo vyote viliuma ilipofika saa kumi, ila nilikuwa uani na mwanangu mkubwa namuelekeza safu nne mashimo manane tumechimba chini kwenye mchanga, kete tumetumia mawe, akaniuliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu. Kipenga nimehifadhi ujumbe wako kuhusu leseni D, ipo siku.

Swali moja kwa mzee kete64. Nataka ubao wa nyumbani. Nimeona zile za nakshi kwenye maduka ya vinyago, zinafaa? Na kete zenyewe nazipata wapi?

kete64

Usinunue hizo za nakshi. Nyingi zimechongwa kwa ajili ya watalii kuweka ukutani, mashimo madogo na hayana kina, kete zikizidi kumi zinamwagika, na nyingine hata nyumba ya mraba hazina. Tafuta seremala akuchongee mbao nene, mashimo yaingie vidole vyako vyote vitano na chini pawe laini ili mkono uchote mara moja. Mume wa huyo dada wa drams labda anaweza, muulize.

Kete tumia komwe, zile mbegu za kijivu za mkomwe, zinaota huko pwani karibu na fukwe, mti wake una miiba kwa hiyo angalieni mikono. Chagua zinazolingana ukubwa, na okota zaidi ya 64 maana watoto watazipoteza.

Alhamisi wahi, yule mzee uliyemwita beki anauliza kama unakuja. Huwa anaondoka mapema, anakaa Mbagala na hapendi foleni.